Kuendesha Gari Kando ya Bahari Kutoka Derry hadi Belfast: Mwongozo kwa Msafiri wa Magharibi mwa Kenya

Familia nyingi za Kisumu, Kakamega, Kisii na Nakuru sasa zina mtu wao anayefanya kazi Uingereza, hasa katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee, na baadhi ya watu hao wamefika hadi Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini. Mzazi au ndugu anapoalikwa kuwatembelea, siku za mapumziko huishia sebuleni na madukani, ilhali nje kidogo tu ya mji huo kunaanza mojawapo ya barabara za kupendeza zaidi kando ya bahari barani Ulaya. Ni takriban kilomita 200 kati ya Belfast na Derry, na barabara hiyo hupita chini ya majabali, juu ya ghuba za mchanga na kando ya magofu ya ngome. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuisafiri kwa gari kwa muda wa siku tatu, na shauri lake kuu nalitoa mapema: anzia Derry, si Belfast.

Vipeperushi vingi vya utalii huanzia Belfast kwa kuwa ndiko ndege nyingi zinakotua. Lakini huko, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Anayetoka Belfast huwa na bahari mkono wake wa kulia, ng'ambo ya magari yanayomjia, na kila anapotaka kusimama kutazama hulazimika kukata njia yao, kisha kuikata tena anapoondoka. Anayetoka Derry huwa na bahari upande wake wa kushoto mwendo mzima. Huingia na kutoka katika maegesho ya ufuoni bila kumvuka mtu, na abiria wa mbele, ambaye mara nyingi ndiye mama au baba aliyekuja kutembea, hupata mandhari yote dirishani kwake. Sababu ya pili ni mwangaza. Kwenye pwani ya kaskazini, dereva anayeelekea mashariki huwa na jua la alasiri nyuma yake. Pwani ya mashariki nayo, ambayo kwa mpangilio huu hufikiwa asubuhi ya siku ya tatu, hupigwa na jua la asubuhi moja kwa moja kwenye uso wa majabali, ilhali alasiri hubaki katika kivuli cha milima.

Kwa hiyo, ukishachukua gari Belfast, usiiguse pwani kwanza. Fuata barabara ya ndani iitwayo A6, inayopanda mlima kupitia njia ya Glenshane, na baada ya takriban kilomita 110 utakuwa Derry. Lala huko usiku mmoja, kisha uanze kurudi kwa njia ya bahari.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, na visa ya Uingereza ndiyo inayomruhusu Mkenya kuingia. Jamhuri ya Ireland, iliyopakana nayo, ni nchi nyingine yenye visa yake, na visa ya Uingereza haimruhusu Mkenya kuingia humo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mpaka wenyewe hauna kizuizi wala lango kama la Busia au Malaba. Dereva hutambua kwamba ameuvuka pale tu vibao vya mwendo vinapobadilika kutoka maili kuwa kilomita. Derry iko kilomita chache kutoka mpakani, na ramani ya simu ikitafuta njia ya mkato inaweza kukupeleka Donegal, ndani ya Jamhuri, bila kukuuliza. Kadhalika, kivuko cha Magilligan, ambacho huvusha magari wakati wa kiangazi, hushusha abiria wake Greencastle, ndani ya Jamhuri. Tahadhari hiyo huanzia kwenye tiketi ya ndege: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Belfast, na tiketi ya kupitia Dublin inaweza kuonekana nafuu, lakini asiye na visa ya Ireland aunganishe safari yake kupitia London au mji mwingine wa Uingereza.

Leseni ya udereva ya Kenya inamruhusu mgeni kuendesha gari dogo huko kwa hadi miezi 12. Hata hivyo, baadhi ya kampuni za kukodisha magari huomba pia kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hutolewa hapa nchini na AA Kenya, na ni heri kukibeba kuliko kukikosa ukiwa mbele ya kaunta. Kampuni hizo kwa kawaida hutaka kadi ya mkopo iliyo na jina la dereva mwenyewe, na nyingine huwatoza zaidi au kuwakataa madereva wenye umri mdogo. Wengi wetu tumejifunzia udereva wa kila siku katika magari ya otomatiki yatokayo Japani, ilhali magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono, kwa hiyo otomatiki iagizwe mapema. Uchague gari dogo hata kama mko wanne, kwa sababu kuna sehemu ambazo upana wa gari ndio utakaoamua kama utaifurahia barabara au utaiogopa.

Miezi ninayoipendekeza ni Mei, Juni na Septemba. Sisi tumezoea jua linalotua wakati uleule mwaka mzima. Huko, mwezi wa Juni, mwanga hudumu hadi baada ya saa nne usiku, na mwishoni mwa Desemba jua hutua karibu saa kumi alasiri, kiasi kwamba siku moja ya Juni inaweza kubeba kazi ya siku mbili za Desemba. Kalenda ya wenyeji pia itazamwe. Mwezi wa Mei hufanyika mashindano ya pikipiki yaitwayo North West 200, ambayo hufunga barabara za kawaida kati ya Portstewart, Coleraine na Portrush, na tarehe 12 Julai huwa na maandamano katika miji mingi. Nguo zinazohitajika ni koti linalozuia mvua na upepo pamoja na viatu visivyoteleza. Mwavuli hauna kazi pwani hiyo, kwani upepo wa Atlantiki huupindua mara moja.

Desturi za barabara

Vibao vya mwendo ni vya maili, na saa ya mwendo ya gari huonyesha maili kwa tarakimu kubwa. Maili 30 kwa saa, ambayo ni kikomo cha kawaida mjini, ni takriban kilomita 48. Maili 60, ambayo ni kikomo cha barabara za kawaida nje ya miji, ni karibu kilomita 97. Kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi wa mshazari humaanisha kwamba kikomo hicho cha maili 60 ndicho kinachotumika, na mgeni asikichukue kuwa ruhusa ya kukimbia, kwa sababu utakiona hata kwenye njia nyembamba yenye kona ambapo nusu ya mwendo huo ni mwingi. Kwenye mizunguko, gari lililo ndani, linalotoka upande wako wa kulia, ndilo lenye haki ya kupita. Sheria ni ileile tuliyofundishwa, tofauti ni kwamba huko kila mtu huifuata.

Katika njia za gari moja kuna sehemu zilizopanuliwa kidogo kwa ajili ya kupishana. Ukiona gari linakuja na sehemu hiyo iko kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa iko kulia, simama mkabala wake umwache mwenzako aitumie. Dereva anayepishwa hunyanyua kidole au mkono kutoka kwenye usukani kushukuru, na ni adabu kufanya vivyo hivyo. Dereva aliyezoea ukungu wa Timboroa hatapata shida na ukungu wa huko, lakini akumbuke kwamba kondoo wa milimani hulala hata ukingoni mwa lami.

Kwenye vituo vya mafuta hakuna mhudumu wa kukujazia. Unajaza mwenyewe, kisha unaingia dukani kulipa kwa kutaja namba ya pampu. Mkono wa pampu wa kijani ni wa petroli na mweusi ni wa dizeli. Malipo mengi hufanywa kwa kadi, ingawa sarafu chache zinafaa kwa maegesho. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa saa saba mchana na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo chakula cha njiani kinunuliwe Jumamosi.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha gari ni maji kupwa na kujaa. Aliyekulia Dunga, Mbita au Usenge anajua ziwa na dhoruba zake, lakini Ziwa Victoria halina kujaa na kupwa kwa aina hii. Huko bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mchanga ulioutembea saa nne asubuhi unaweza kuwa chini ya maji kufikia alasiri. Jedwali la maji la siku hiyo hupatikana kwa urahisi kwenye simu. Lisome kila asubuhi pamoja na utabiri wa hewa.

Siku ya kwanza: Derry hadi Portrush

Anza kwa miguu. Kuta za Derry, zilizojengwa kati ya 1613 na 1619, bado zimeuzunguka mji wa kale kwa urefu wa takriban kilomita moja na nusu, na mtu anaweza kutembea juu yake mzunguko mzima. Kisha ushike barabara ya A2 kupitia Limavady hadi Magilligan, tambarare ambako jabali la Binevenagh linasimama upande wako wa kulia na ufuo mrefu wa Benone uko kushoto. Ukifika Downhill, panda barabara yenye mwinuko mkali iitwayo Bishop's Road hadi mahali pa kutazamia paitwapo Gortmore, kwa gia ndogo na bila haraka; kutoka hapo utaiona tambarare yote uliyopita, mdomo wa ghuba ya Foyle, na milima ya Donegal ng'ambo ya maji. Kisha ushuke.

Juu ya Downhill, ukingoni kabisa mwa jabali, kuna jengo dogo la mviringo liitwalo Mussenden Temple, lililojengwa mwaka 1785 na Frederick Hervey, askofu wa Derry, aliyelifanya kuwa maktaba yake. Bahari imekuwa ikila jabali hilo hadi shirika la National Trust, linalolimiliki, likalazimika kuliimarisha ili jengo lisianguke. Chini yake reli ya Derry hupita ndani ya handaki.

Mto Bann hauna daraja mdomoni mwake, hivyo barabara huingia ndani hadi Coleraine kabla ya kurudi baharini Portstewart. Ufuo wa Portstewart Strand una urefu wa takriban kilomita tatu, na magari huruhusiwa kuegeshwa juu ya mchanga kwa ada. Binafsi ningeliacha gari la kukodi kwenye lami, kwa sababu mikataba mingi ya bima hailipii madhara ya mchanga na maji ya chumvi. Anayeamua kuingia abaki kwenye mchanga mgumu mbali na maji na aondoke mapema kabla hayajajaa. Portrush iko jirani, na ina nyumba nyingi za wageni.

Siku ya pili: Portrush hadi Ballycastle

Siku hii ina kilomita chache kuliko zote na ndiyo yenye mambo mengi zaidi, kwa hiyo amka mapema. Ngome ya Dunluce, iliyojengwa juu ya mwamba uliokaribia kutengana na nchi kavu, hutazamwa vizuri ukiwa bado kwenye maegesho ya juu. Simulizi za wenyeji husema kwamba mwaka 1639 sehemu ya jiko lake iliporomoka baharini usiku wa dhoruba. Usikae sana hapo, kwani mahali panapostahili saa zako ni mbele kidogo.

Giant's Causeway ni uwanja wa nguzo zipatazo 40,000 za jiwe jeusi la basalti, nyingi zikiwa na pembe sita, zilizopangana kutoka chini ya jabali hadi ndani ya bahari. Zilitokea takriban miaka milioni 60 iliyopita, wakati lava nzito iliyotuama bondeni ilipopoa polepole. Ilipopoa ilisinyaa, na kusinyaa huko kukaipasua kwa nyufa zilizoshuka kutoka juu hadi chini, kila nguzo ikiachana na jirani zake. UNESCO iliziorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1986. Simulizi za Waairishi husema ni njia iliyojengwa na jitu liitwalo Finn McCool ili avuke kwenda kupigana na jitu la Uskoti, na kwamba Mskoti huyo alipokimbia aliivunja nyuma yake. Nguzo za aina hiyohiyo zipo kweli upande wa Uskoti, katika kisiwa cha Staffa.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu katikati ya siku mabasi ya watalii huujaza uwanja. Kuyatazama mawe yenyewe hakulipiwi. Kinacholipiwa ni maegesho na jumba la wageni. Kutoka juu hadi kwenye mawe ni mteremko wa karibu kilomita moja, na wazee wanaweza kutumia basi dogo linaloshuka na kupanda. Mawe yaliyokauka hukanyagika vizuri, lakini yale meusi yanayong'aa karibu na maji yana utelezi, na wimbi moja kubwa linaweza kufika mahali ambapo mengine kumi hayakufika. Baada ya mawe, watu wengi hugeuka na kurudi. Usigeuke. Endelea na njia ya miguu kando ya jabali hadi uone tabaka jekundu lililobanwa katikati ya lava nyeusi, jekundu kama udongo wa shamba la Kakamega baada ya mvua. Huo ni udongo uliofanyika juu ya lava ya kwanza wakati hali ya hewa ya huko ilikuwa ya joto na mvua nyingi, kabla ya lava ya pili kuja na kuufunika. Kwa mtu wa kwetu, sidhani kuna kitu cha kushangaza zaidi katika safari yote. Anayetaka kurudi kwa njia ya juu atapanda ngazi 162 za mawe.

Mbele ni White Park Bay, upinde wa mchanga mweupe ambako ng'ombe mara nyingi hushuka kulala ufuoni. Tembea lakini usiogelee, kwani mikondo yake huvuta watu kuelekea kilindini. Kisha daraja la kamba la Carrick-a-Rede, lenye urefu wa mita 20 na kuning'inia mita 30 juu ya maji. Wavuvi wa samoni ndio walioanza kutungika daraja hapo, mwaka 1755, ili wafike kisiwani kutega nyavu zao. Tiketi ya kuvuka ikatwe mapema kwenye mtandao, na upepo ukiwa mkali daraja hufungwa.

Mwisho wa siku ni Ballycastle, ambako mwaka 1898 wasaidizi wa mvumbuzi Marconi walijaribu mawasiliano ya redio na kisiwa cha Rathlin kilicho mbele yake. Aliye na siku ya ziada kati ya Aprili na Julai aliache gari mjini na avuke kwa kivuko kwenda kuwaona ndege wa baharini waitwao pafini. Aonje pia mwani mwekundu uliokaushwa, unaouzwa mjini kama karanga zinavyouzwa kwetu.

Siku ya tatu: Ballycastle hadi Belfast

Kuna njia mbili za kutoka Ballycastle. Ya kwanza hupita Rasi ya Torr. Ni nyembamba, ina miteremko mikali na kona zisizoonyesha mbele, nayo haifai kwa gari kubwa wala kwa dereva asiyeweza kurudi nyuma mita hamsini kwa utulivu. Anayeiweza ataiona Uskoti ng'ambo ya maji, umbali wa takriban kilomita 20. Ya pili ni A2, inayopita juu ya nyika na kando ya Loughareema, ziwa ambalo siku moja huwa limejaa na siku nyingine limekauka, kwa sababu maji yake hutorokea chini kupitia shimo katika mwamba wa chokaa. Kukiwa na ukungu au mvua kubwa chukua ya pili bila kusitasita. Njia zote mbili huelekea Cushendun, na kutoka hapo huenda Cushendall.

Kutoka Cushendall hadi Larne ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na mwenye kuielewa huiendesha kwa heshima. Kabla yake, watu wa mabonde ya Antrim walitengwa na milima kiasi kwamba Uskoti, kwa mashua, ilikuwa rahisi kufikika kuliko miji ya nchi yao. Mhandisi William Bald alikataa kuipitisha barabara juu ya milima. Kuanzia 1832 hadi 1842 vibarua wake walilipua uso wa majabali, na mawe yaliyoanguka yakawa msingi wa barabara kwenye usawa wa bahari. Ndiyo maana leo unaendesha kwenye ukanda mwembamba, jabali jeupe la chokaa lenye kilemba cha basalti nyeusi likiwa kulia kwako, na maji yakiwa mita chache kushoto. Chini ya chokaa kuna udongo laini wa mfinyanzi ambao hulainika zaidi unapolowa, na juu yake mwamba huteleza. Kwa hiyo, baada ya mvua kubwa, uliza kama barabara iko wazi kabla ya kuondoka, na usiegeshe chini ya jabali mahali pasipo na maegesho rasmi.

Ukifika Waterfoot, ingia kulia kwenye bonde la Glenariff kwa saa mbili za kutembea kwenye maporomoko yake ya maji, kisha urudi ufuoni. Carnlough ina bandari ndogo ya mawe ya chokaa inayofaa kwa chakula cha mchana. Karibu na Larne barabara hupita ndani ya tundu lililochongwa katika mwamba, na hapo kazi ya Bald inaishia. Wenye miguu imara wanaweza kukata tiketi ya njia ya majabalini iitwayo Gobbins, iliyofunguliwa mwaka 1902 na mhandisi wa reli Berkeley Deane Wise. Huingiwa na kiongozi pekee, na wakati mwingine hufungwa kwa sababu ya mawe yanayoanguka, hivyo uthibitishe siku iliyotangulia. Ngome ya Carrickfergus, iliyoanza kujengwa mwaka 1177, ndiyo kituo cha mwisho kabla ya msongamano wa Belfast.

Jaza tangi Carrickfergus ikiwa mkataba unataka gari lirudishwe likiwa limejaa, upige picha za pande zote nne za gari mbele ya ofisi ya kampuni, na uzitumie noti zilizochapishwa na benki za Ireland Kaskazini kabla ya kupanda ndege, kwa sababu wenye maduka wa London mara nyingi husita kuzipokea na huku nyumbani ni vigumu kuzibadilisha.